Mita 690

Kama wewe, ndugu msomaji, ulikuwa ukiishi Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 1994, bila shaka unakumbuka jinsi watu ambao hawajapata kuiona Mtera hata siku moja walivyokuwa wakiizungumzia. Bwawa lile lilitajwa redioni kama anavyotajwa mgonjwa mkubwa aliyelazwa: leo usawa wa maji ni mita kadhaa, juzi ulikuwa mita kadhaa. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, mitambo inapaswa kusimama. Uhai wa taa zetu ulikuwa ndani ya mita nane na nusu hizo.

Vijana wa leo huenda wakadhani natia chumvi, basi na wahesabu wenyewe. Kidatu, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na kupanuliwa mwaka 1980, ilikuwa na megawati 204. Mtera, iliyo juu yake kwenye mto uleule, ilikuwa na megawati 80 tangu mwaka 1988. Hizo ni 284. Ukitafuta umeme mwingine wa maji katika gridi ya taifa wakati ule ulipata Hale megawati 21, Nyumba ya Mungu 8, na mtambo mkongwe wa Pangani uliojengwa na wakoloni, 17 na nusu. Mitambo ya mafuta ilikuwepo, lakini haikuwa ya kuibeba nchi. Kwa hiyo nchi ilitundikwa juu ya mto mmoja, Ruaha Mkuu, na mvua za msimu uliotangulia zilikuwa haba.

Mgao ulitukuta katika majira mabaya. Mtu wa Dar es Salaam hana haja ya kuelezwa joto la Desemba. Pangaboi likisimama usiku, mtu huamka kabla halijamaliza kuzunguka. Tulitoa mikeka tukalala barazani, tukapigana na mbu mpaka alfajiri. Ratiba ya mgao ilitangazwa magazetini, mtaa wetu siku fulani na fulani, na wake zetu waliikariri kuliko wanafunzi wangu walivyokariri ratiba ya mitihani. Samaki aliyenunuliwa Jumatatu ilibidi aliwe Jumatatu. Vibatari na chemli tulizokuwa tumezisahau stoo zilifutwa vumbi. Jirani yangu mmoja alimrudia fundi wa pasi za mkaa, naye fundi akapandisha bei.

Tuliambiwa tubane matumizi, na hapa lazima niseme ukweli wa nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Tangu chuo cha ualimu nilikuwa nimezoezwa kuzima taa, maana chuoni jenereta lilizimwa saa 4 usiku na mwalimu wa zamu hakusikiliza kilio cha mtu. Shuleni nilihubiri kubana matumizi kila Jumatatu. Lakini aliyebana matumizi kwa vitendo ni mke wangu. Alikuwa na daftari la kurasa 40, na kila Jumapili jioni alisimama na tochi mbele ya mita ya umeme akaandika namba. Kisha alitoa. Siku moja aliniita sebuleni, chumba kikiwa kitupu na pangaboi likizunguka, akaniuliza kwa upole, "Baba Neema, hili linampepea nani?" Sikuwa na la kujibu.

Kwa daftari lile aligundua mambo ambayo mimi, mwalimu wa jiografia, sikuwa nimeyawazia. Pangaboi la wati 75, likizunguka saa nane za usiku, halimalizi hata uniti moja. Hula sita katika kumi ya uniti. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti nzima kwa saa moja. Na sisi tulikuwa tukipiga pasi sare za watoto kila asubuhi, pasi ikipata moto upya kila siku kwa ajili ya mashati mawili. Akaamuru sare zote zipigwe pasi mara moja, Jumapili mchana. Balbu sita za wati 60, zikiwaka saa tano za jioni, hula karibu uniti mbili, akaacha tatu. Jiko la umeme la koili lilihamishiwa uvunguni mwa kitanda, na hapo likakaa. Aliniambia pia kwamba kinachoumiza gridi ni saa zile ambazo kila nyumba inawasha kila kitu, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Alilisikia redioni, mimi nilikuwa nikisikiliza habari za bwawa tu.

Mtaani mambo yalikuwa kinyume. Umeme uliporudi, watoto walipiga kelele "Umerudi!" kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na dakika hiyohiyo kila mtu alipiga pasi, alipika, alivuta maji kwa pampu, alifungulia redio. Njaa ya siku mbili ililiwa kwa saa moja. Sikuona kwamba sisi nasi tulikuwa sehemu ya hesabu. Niliamini, kama walivyoamini watu wengi wenye elimu, kwamba umeme wetu ulikuwa ukinywewa na watu wa juu ya mto.

Watu hao ni wa Usangu. Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, hupita katika kinamasi cha Ihefu, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kabla ya kufika Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Usangu kuna wakulima wa mpunga wenye mifereji, wadogo kwa wakubwa, na yalikuwepo mashamba ya serikali ya Mbarali na Kapunga. Kuna wafugaji pia. Mwaka 1993 mto ule uliacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, jambo lililowashtua wengi, na miaka iliyofuata ukawa unakauka tena na tena. Mtu akiunganisha mambo hayo mawili, mto uliokauka na taa zilizozimika, hadithi inakuwa imekamilika. Mimi niliisimulia mstarini, mbele ya shule nzima, huku nikichora mto ubaoni. Nilisema kuwa wakulima na wafugaji wa Usangu ndio wanaotuweka gizani.

Baada ya mstari, kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuja ofisini. Alikuwa akiishi Temeke kwa mjomba wake, kwao ni Mbarali. Aliniamkia vizuri, akaomba ruhusa ya kusema. Akasema, "Mwalimu, sisi mpunga tunalima masika. Kiangazi mto wenyewe ni wa kuvuka kwa miguu. Hayo maji madogo yangefika Mtera yangejaza nini?" Nikamwambia akasome ramani. Akasema ramani ameisoma. Nikampa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya maabara, siku tatu.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikuja zikalijaza bwawa, nasi tukasahau, kama tunavyosahau daima. LUKU nayo ikaingia majumbani. Watu wengi walijifunza matumizi yao siku walipoona uniti zikishuka mbele ya macho, jambo ambalo mke wangu alikuwa akilifanya kwa kalamu.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwenye mkutano jijini London kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Uingereza walikuwa Usangu wakipima maji. Nilipata kusoma matokeo yao nikiwa nakaribia kustaafu, na nilisoma polepole. Ni kweli, walisema, mifereji huchukua karibu maji yote ya kiangazi, na wanyama wa hifadhini huteseka kwa hilo. Lakini maji ya kiangazi ni kidogo mno. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, pamoja na maji ya mito mingine kama Ruaha Mdogo na Kisigo. Kuhusu giza la miaka ya 1990, walionyesha kuwa sababu kubwa ilikuwa namna maji yalivyoendeshwa kati ya mabwawa mawili: yaliyofunguliwa Mtera yalizidi yale ambayo Kidatu ilihitaji.

Yalikuwa maneno ya kijana yule, yamewekewa namba.

Ningeweza kujifariji kwamba hadithi yangu iliishia kwenye uwanja wa shule. Lakini hadithi ileile ilisimuliwa katika majukwaa makubwa kuliko langu. Ukame wa mwaka 2005 ulileta mgao mkali wa mwaka 2006, na Mtera ikashuka tena hadi mahali tulipopajua. Kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu. Wengi walisafirishwa hadi Lindi, na mifugo mingi ilipotea. Mwaka 2008 eneo lile likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sisemi kwamba mabonde yasihifadhiwe. Nasema kwamba mtu wa mjini aliyelala chini ya pangaboi lililosimama alikuwa tayari kuamini jambo lolote juu ya mtu asiyemjua, na mimi nilikuwa mwalimu wake.

Siku hizi gridi ina umeme wa gesi, ina Kihansi, na ina bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Ruaha Mkuu huingia Rufiji juu ya bwawa hilo. Tone lililotoka Usangu sasa hufanya kazi Mtera, Kidatu, kisha Rufiji kabla ya kuiona bahari. Nikisikia tangazo la upungufu huwa nakwenda kwanza kwenye mita yangu. Balbu zangu ni za wati tisa. Daftari la marehemu mke wangu ninalo, namba zimeandikwa kwa wino wa buluu hadi ukurasa wa 31.

Kijana yule sikumwona tena baada ya kidato cha nne. Niliuliza kwa watu wanaotoka Mbarali bila mafanikio. Nilipokabidhi ofisi niliomba nikipitie kitabu cha adhabu cha mwaka 1994, nikamkuta. Jina lake, kidato, siku tatu, kufyeka. Kwenye safu ya kosa nilikuwa nimeandika: ubishi.