Kwacha za Baba Mdogo

Mwaka 1992 baba yangu mdogo alirudi Tukuyu kutoka Zambia, baada ya kufanya kazi miaka 27 katika migodi ya shaba ya Kitwe. Ndugu na majirani walijaa uani kumlaki. Wote tulitazamia ajenge nyumba ya matofali ya kuchoma, kwa sababu hayo ndiyo aliyoyaahidi tangu ujana wake. Alikuja na sanduku moja, redio, na bahasha ya malipo yake ya kustaafu. Alibadilisha kwacha chache pale Tunduma, nyingine akaziweka, akitumaini kwamba thamani yake itapanda.

Mwishoni mwa mwaka 1993 kikao cha ukoo kilitaka kujua nyumba iko wapi. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, mimi ndiye niliyepewa zile noti nizihesabu. Nilizihesabu mara mbili. Hazikutosha hata mabati ya vyumba viwili. Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba fedha zimeliwa na pombe na starehe za mjini. Baba mdogo aliinamisha kichwa, kisha akanitazama mimi niliyesoma. Nikanyamaza. Ukimya ule umenisumbua miaka mingi, na leo nataka kusema nilichopaswa kusema siku ile.

Alipoondoka mwaka 1965, Zambia ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, na shaba ndiyo iliyoipatia zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni. Novemba mwaka huo huo walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith wakajitangazia uhuru, na njia ya mafuta ya Zambia iliyopitia huko ikakatika. Petroli ikaletwa kwa ndege, na kwa malori yaliyotoka Dar es Salaam kupitia kwetu Mbeya katika barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola. Mwaka 1976 ikazinduliwa reli ya TAZARA. Hivyo mkoani kwetu vitu viwili vilipishana: mafuta yakienda Zambia ndani ya bomba, na shaba ikienda bandarini juu ya reli. Zambia iliuza kimoja ili inunue kingine. Bei za vyote viwili zilipangwa mbali, ambako Lusaka haikuwa na kauli.

Miaka ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kwacha ilipoanza kutumika Januari 1968, moja ilikuwa sawa na shilingi 10 za fedha ya zamani ya Zambia, nayo ilizidi dola ya Marekani. Nakumbuka baba mdogo alipokuja likizo mwaka 1969 alimletea baba baiskeli, nami akaninunulia viatu vyangu vya kwanza. Kwacha alizokuwa nazo mfukoni siku ile zilikuwa chache sana kuliko zile nilizozihesabu mwaka 1993.

Mwishoni mwa mwaka 1973 mafuta yalianza kupanda bei. Kutoka kama dola 3 kwa pipa yalifika karibu dola 12 Januari 1974. Kwa miezi michache Zambia haikuumia sana, maana shaba nayo ilikuwa ghali mno. Kisha shaba ikaanguka, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya bei yake. Mwaka 1974 zaidi ya nusu ya mapato ya serikali yalitoka migodini. Mwaka 1977 migodi haikuiletea serikali karibu chochote. Serikali ilikopa, ikiamini kwamba shaba itapanda tena, kwa kuwa ilikuwa imewahi kushuka na kupanda. Badala yake, mwaka 1979 mafuta yakaanza kupaa kwa mara ya pili, na mwaka 1980 yalizidi dola 30.

Tusisahau kwamba mgodi nao hula nishati. Mashine, malori na matanuri ya kuyeyushia shaba havitembei bure. Fedha za kigeni zikipungua, vipuri havinunuliwi. Vipuri vikikosekana, shaba inapungua. Shaba ikipungua, fedha za kigeni zinazidi kuadimika. Mwaka 1969 Zambia ilizalisha zaidi ya tani 700,000. Mwaka 2000 zilikuwa kama 250,000.

Wakati huo wote bei ya unga ilizuiwa kwa ruzuku ili wachimbaji na wakazi wa mijini wale. Lakini bei iliyozuiwa haifi. Hujificha ndani ya deni, ikingoja siku yake. Oktoba 1985 dola zilianza kuuzwa kwa mnada, na kwa muda mfupi kwacha ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Ndiyo maana mafuta yaliposhuka sana duniani mwaka 1986, Mzambia hakuona nafuu: kwacha yake ilikuwa imeshuka pia. Desemba mwaka huo bei ya unga ikapanda zaidi ya maradufu, ghasia zikalipuka Copperbelt, watu wakafa, na Rais Kaunda akairudisha bei chini. Juni 1990 ghasia zikatokea tena. Mwaka 1991 Kaunda akashindwa uchaguzi.

Serikali mpya ililegeza bei, na mwaka 1992 ukame ukaongezea msiba. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 180. Kitu kilichouzwa kwacha 100 kilihitaji kama kwacha 280 baada ya mwaka mmoja. Huo ndio mwaka ambao baba mdogo alikuwa akiziweka noti zake, akingoja.

Sisemi kwamba watawala hawakukosea. Walitegemea shaba mno na kilimo wakakipuuza. Wala sisemi kwamba bei zingeweza kuzuiwa milele. Nasema tu kwamba deni lililojificha miaka mingi lilipodai malipo, halikuwatoza waliokopa. Mwenye ng'ombe alibaki na ng'ombe wake, mwenye nyumba akabaki na nyumba. Mwenye deni la kwacha alipumua. Aliyeangamia ni mfanyakazi aliyejinyima akaweka akiba ya noti.

Mambo hayo hayajaisha. Mwishoni mwa mwaka 2021 Zambia iliondoa ruzuku ya petroli na dizeli. Mwaka 2024 ukame ulipunguza mno maji ya Kariba, na umeme ukakatika karibu siku nzima, nyumbani na viwandani. Kila nisomapo habari za namna hiyo, huwa najiuliza ni mzee gani atakayeulizwa na ukoo wake fedha zimekwenda wapi.

Baba mdogo alifariki mwaka 1999 katika nyumba ya nyasi. Wajukuu zake bado husimuliwa kwamba babu yao alikunywa fedha za Zambia. Wanangu, si kweli. Mimi ndiye niliyezihesabu. Zilikuwapo zote, naye hakuzila. Thamani yake iliisha akiwa amezishika mkononi.