Kuchagua Miji ya Kale ya Sahara

Jangwa la Sahara lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 9, na limegawanywa na mipaka ya nchi zipatazo kumi. Msafiri anayetaka kuiona miji yake ya kale analazimika kuchagua, wala si kwa sababu ya umbali peke yake. Njia zenyewe zimekatika. Njia kuu ya dhahabu ya karne za kati ilianzia Sijilmasa, kusini mwa Moroko, ikapitia machimbo ya chumvi ya Taghaza, ikafika Walata, kisha ikateremka hadi mji wa wafalme wa Mali. Ukiifuata leo kwenye ramani, inakatisha Moroko, Algeria, Mali na Mauritania. Mpaka wa nchi kavu kati ya Moroko na Algeria umefungwa tangu mwaka 1994, na kaskazini mwa Mali ni eneo la vita. Safari moja aliyoifanya msafiri Ibn Battuta mwaka 1352 kwa ngamia haiwezekani tena kwa chombo chochote cha nchi kavu.

Ibn Battuta anafaa kukumbukwa hapa, kwani ndiye aliyeiona dhahabu ya Afrika ikitoka kwa milango yote miwili. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, ambako dhahabu ya Sofala ilipakiwa majahazini kungoja upepo wa kusi. Miaka ishirini na kitu baadaye aliiona ile ya magharibi, iliyobebwa na ngamia kuelekea kaskazini. Huko Taghaza alikuta nyumba na msikiti uliojengwa kwa vipande vya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia, mahali pasipo na mti hata mmoja, ambapo watumwa walichimba chumvi kwa niaba ya mabwana zao. Watumwa wenyewe walikuwa pia bidhaa. Waliovushwa jangwani kwa miguu kutoka kusini kwenda kaskazini, karne baada ya karne, ni wengi mno, na uzuri wa minara na milango haupaswi kuwasahaulisha wageni jambo hilo.

Taghaza imebaki magofu mbali na barabara yoyote. Sijilmasa nayo, iliyoanzishwa mwaka 757 au karibu na hapo na Makhariji wa madhehebu ya Sufri, imebaki kuta chache za udongo pembeni mwa mji mdogo wa Rissani. Katika vitabu vya historia ni mji mkubwa kuliko karibu yote ya Sahara, lakini machoni una machache. Anayekwenda Moroko kwa ajili hiyo apite Rissani siku ya soko, aione mitende ya Tafilalt na maji ya mto Ziz yaliyoulisha mji ule, kisha aendelee na safari. Siku ya kutosha ya kukaa na kutazama ihifadhiwe kwa miji ambayo bado ina wakazi, kwa kuwa hapo ndipo sababu ya mji kuwepo jangwani inapoonekana ikifanya kazi.

Kwa kipimo hicho, bonde la Mzab nchini Algeria, takriban kilomita 600 kusini mwa jiji la Algiers, linastahili kutangulia miji mingine yote.

Historia ya Mzab ni ya watu waliokimbia. Katika karne ya 8 Waislamu wa Kiibadhi wa Afrika Kaskazini walikuwa na dola yao, ukoo wa Rustam, na mji mkuu wao ulikuwa Tahert. Mwaka 909 Wafatimi waliiangusha. Waibadhi wakahamia kusini, wakajenga Sedrata karibu na Ouargla, na hatimaye wakaingia kwenye uwanda wa mawe ambao hakuna aliyeutamani. El Atteuf ulijengwa mnamo mwaka 1012. Ukafuata Bou Noura, kisha Ghardaïa, Melika na Beni Isguen: miji mitano yenye kuta, kila mmoja juu ya kilima chake, yote ndani ya bonde moja fupi. UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982.

Mpangilio ni uleule kwa yote mitano. Juu kabisa ni msikiti, na mnara wake ulikuwa pia mahali pa walinzi kuangalia adui. Nyumba zinauzunguka kwa duara baada ya duara hadi kwenye ukuta. Soko liko chini, ukingoni mwa mji, ili mgeni afanye biashara bila kupita mbele ya milango ya watu. Hakuna aliyeruhusiwa kupandisha nyumba hadi kumnyima jirani yake jua, na tajiri hakuonyesha utajiri wake kwa nje. Wasanifu majengo wa Ulaya walilistaajabia bonde hili. Le Corbusier alilizuru miaka ya 1930 na kulichora.

Lakini kazi kubwa ya Wamzab haiko vilimani. Iko chini, kwenye mashamba ya mitende. Mto wa Mzab hukaa mkavu kwa muda mrefu, pengine miaka, kisha siku moja hufurika kwa ghafla. Wakazi walijenga mabwawa na mifereji ya kuyapokea maji hayo kabla hayajapotea mchangani. Mfereji mkuu unapofika mashambani hukutana na ukuta mfupi wa mawe yaliyosimamishwa kama meno ya kitana, na kila mwanya kati ya jiwe na jiwe umepimwa kulingana na ukubwa wa shamba linalopokea maji upande wa pili. Mafuriko yakija usiku, hakuna haja ya kuamshana wala kugombana. Mawe yenyewe yanagawa. Wako waangalizi maalumu waliokabidhiwa kazi ya kuilinda mifereji hiyo. Miezi mingine maji yalitoka visimani, na mnyama aliyevuta kamba ya ndoo alitembea kwenye njia iliyo sawa kwa urefu na kina cha kisima. Mgeni aliweza kujua maji yako mbali kiasi gani kwa kuitazama njia tu, bila kuchungulia shimoni. Anayefika Ghardaïa akaishia sokoni kununua zulia ameukosa mji; aombe apelekwe mashambani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kulitaja bonde hili. Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni mkubwa wa Kiibadhi aliyefariki mwaka 1914, aliishi na kufundisha Beni Isguen, na tafsiri yake ya Qur'ani, Himyan al-Zad, ilichapwa Unguja, kwenye mtambo wa uchapaji ulioanzishwa na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya 1870 na 1888. Kitabu kilichoandikwa jangwani Algeria kikapata wino wake kwenye kisiwa cha karafuu, kwa kuwa madhehebu ya mwandishi na ya mtawala yalikuwa mamoja. Uhusiano huu hautajwi mara nyingi katika maelezo wanayopewa watalii, nao unastahili kutajwa. Beni Isguen yenyewe bado inashika taratibu zake: mgeni haingii bila mwongozaji wa pale pale, hapigi picha za watu, na jioni anaweza kuketi kwenye uwanja wa soko kutazama mnada unaopitishwa mbele ya wazee waliokaa kuuzunguka.

Kutoka Mzab kwenda mashariki, karibu na mahali Libya inapokutana na Algeria na Tunisia, upo Ghadames. Warumi waliuteka mwaka 19 kabla ya Kristo wakauita Cydamus. Ulisimama kwa ajili ya chemchemi moja, nayo ndiyo iliyopanga maisha yote. Maji yaligawanywa kwa muda, na muda ulipimwa kwa chombo chenye tundu chini, ambacho hujazwa na kuachwa kivuje. Kila kinapokauka mpimaji hufunga fundo kwenye kamba na kukijaza tena. Vichochoro vya mji vimefunikwa juu, hivyo mtu hutembea kivulini mchana kutwa, na mwanga unashuka kwa matundu machache. Juu ya mapaa ilikuwa njia ya wanawake, ambao waliweza kuzunguka mji mzima bila kushuka. Wakazi walihamishiwa nyumba mpya nje ya kuta katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, ila wenyeji wengi hawakuacha bustani na nyumba zao za zamani, na majira ya joto hurudi kuzitumia, kwa kuwa ukuta mnene wa udongo unashinda zege kwa ubaridi. UNESCO iliuweka Ghadames kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016, ikauondoa mwaka 2025. Hali ya Libya ndiyo inayoamua kama safari inafaa.

Upande wa magharibi uchaguzi ni rahisi zaidi, kwa kuwa miji minne ya kale ya Mauritania imeorodheshwa pamoja tangu mwaka 1996: Ouadane, Chinguetti, Tichitt na Oualata. Miwili ya kwanza iko nyanda za juu za Adrar na inafikiwa kwa gari kutoka Atar. Miwili ya pili iko mbali sana kusini-mashariki, na Oualata uko karibu na mpaka wa Mali. Huo ndio Walata wa Ibn Battuta, ambako alishangaa kuona mtu akirithiwa na mtoto wa dada yake badala ya mwanawe. Nyumba zake zina nakshi nyekundu na nyeupe zinazochorwa na wanawake kwa mikono yao, na hakuna mji mwingine wa Sahara wenye sanaa hiyo kwa kiwango kile. Hata hivyo, kwa wengi Adrar inatosha.

Chinguetti, kilomita 80 hivi mashariki mwa Atar, ndio uliowapa Wamauritania jina lao katika nchi za Kiislamu. Mahujaji wa eneo zima walikusanyika hapo kabla ya kuanza msafara wa kwenda Makka, na wanazuoni waliofika Mashariki wakaitwa Shanaqita, watu wa Shinqit, hata kama walizaliwa kwingine. Mji unaoonekana leo ulianza karne ya 13. Msikiti wake ni wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, na mnara wake wa pembe nne umepambwa kwa mayai ya mbuni kileleni. Kitu cha kuonwa zaidi kimo ndani ya nyumba za kawaida. Familia kadhaa zinatunza maktaba zilizorithiwa: Qur'ani, vitabu vya fiqhi, sarufi, unajimu na tiba, vilivyofungwa kwa ngozi na kuwekwa masandukuni. Milango ya maktaba hizo hufungwa kwa makufuli ya mbao, na ufunguo nao ni kijiti kilichochongwa chenye meno madogo ya kuinua vipingo vya ndani. Mwenye nyumba huingiza, huinua, huvuta, mlango ukafunguka. Vitabu hivyo vina adui wawili, mchwa na ukavu unaozifanya kurasa zimeguke, na mji wenyewe una adui wa tatu, mchanga, ambao umeshazifukia nyumba za pembeni hadi mapaani. Mgeni anayelipa ada ya kuonyeshwa maktaba anachangia moja kwa moja utunzaji wake, na hiyo ni sababu nzuri ya kutolipita jambo hilo haraka.

Ouadane, kaskazini-mashariki mwa hapo, unasemekana kuanzishwa mwaka 1147. Mji wa zamani ni magofu ya mawe yaliyoshikilia mteremko, yenye mtaa uliokuwa wa wanazuoni arobaini, na chini yake mitende ingali hai. Wareno walijaribu kuweka kituo cha biashara pale mwaka 1487 ili waikatize dhahabu njiani, lakini hawakudumu. Merikebu zao zilizofika pwani ya Guinea zilifanya madhara makubwa zaidi kwa misafara kuliko kituo kile.

Umebaki Timbuktu, ambao karibu kila mtu huutaja kwanza. Ulianza kama kambi ya Watuareg mnamo mwaka 1100, ukakua kwa kuwa ndipo ngamia walipokutana na mitumbwi ya mto Niger. Mansa Musa aliporudi kutoka hija ya mwaka 1324 alijenga msikiti wa Djinguereber. Msafiri Leo Africanus, aliyefika mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba vitabu vilileta faida kuliko bidhaa nyingine. Mwaka 1591 jeshi la Moroko liliishinda dola ya Songhai huko Tondibi, na wanazuoni, Ahmad Baba akiwa miongoni mwao, wakapelekwa Marrakech wakiwa wafungwa. Mwaka 2012 makaburi ya mawalii yalibomolewa na wapiganaji waliouteka mji, huku wenyeji wakiyatorosha maelfu ya maandiko kwenda Bamako. Mafundi wa mji waliyajenga tena makaburi hayo kufikia mwaka 2015, na mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mmoja wa wapiganaji hao, kifungo cha miaka 9 kwa uharibifu ule. Mji haujatulia tangu hapo, na kwa sasa haufai kuingizwa katika ratiba ya mtalii. Agadez nchini Niger, wenye mnara wa udongo wa mita 27 uliotobolewa na maboriti ambayo mafundi huyapanda wanapousiriba upya, uko katika hali hiyohiyo tangu usalama wa Sahel ulipozorota.

Kwa hiyo, aliye na wiki mbili achague kati ya Mzab na Adrar, asijaribu kuziunganisha. Majira mazuri ni Novemba hadi Februari, wakati mchana unavumilika ingawa usiku ni baridi kali. Aliye tayari kustahimili joto anaweza kwenda Adrar mwezi Julai, tende zinapoiva na familia kutoka miji ya pwani zinarudi kwenye mashamba ya mitende kuvuna. Ndio wakati pekee katika mwaka ambapo Ouadane na Chinguetti hujaa wenyewe.