Chujio la Kwanza Lilikuwa Msichana wa Kazi

Wiki iliyopita nimezika samaki wanne kwenye kopo la maua barazani. Usicheke, ndugu msomaji. Ni wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa ambao kila mtu aliyewahi kupanga chumba kimoja anawatamani, maana hawabweki, hawanyi sebuleni na mwenye nyumba hawezi kuwalalamikia.

Kosa ni langu mwenyewe. Chujio la dukani lilinishinda bei, nikajitengenezea la kwangu: chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoitoboa matundu ubavuni, kipande cha sponji ya godoro, kokoto kidogo za kuizamisha, mrija na pampu ndogo ya hewa. Hewa inaingia chini ya mrija na kupanda kama mapovu ya soda. Mapovu yananyanyua maji, na maji mengine yanalazimika kupita kwenye sponji ili kujaza nafasi. Basi, hiyo ndiyo mashine yote. Ilifanya kazi, na maji yakang'aa. Baada ya wiki kadhaa nikaona sponji imeshika utelezi wa rangi ya kahawia. Nikaitoa, nikaifua kwa sabuni na maji ya bomba mpaka ikarudi kuwa kama siku niliyoikata. Nilijiona msafi kweli kweli. Siku ya tatu samaki wa kwanza alikuwa juu ya maji, anatweta. Kufikia Alhamisi wote wamekwisha.

Maji yalikuwa masafi kabisa. Hilo ndilo lililoniuma. Samaki wanakufaje ndani ya maji yanayoonekana hivyo? Nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka London ya mwaka 1846.

Mwaka huo mama mmoja wa tabaka la juu, Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Westminster Abbey, alikwenda pwani ya Torquay akawapenda wale wadudu wa baharini wanaojenga matumbawe. Akataka kurudi nao mjini. Ili wasigongwe-gongwe njiani aliwashona kwa sindano na uzi juu ya sponji kubwa, akawatia kwenye mtungi wa maji ya bahari. (Sponji tena! Ila yake ilitoka baharini, yangu imetoka kwenye godoro.) Tatizo likawa London. Bahari iko mbali, na maji ya chumvi yakikaa bila kubadilishwa yanaharibika, viumbe vinakufa. Kuagiza maji mapya kila mara ilikuwa gharama na usumbufu hata kwa mke wa bwana.

Suluhisho lake? Alimweka msichana wa kazi dirishani, kwenye upepo, ahamishe maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kwenda na kurudi, kwa nusu saa au dakika arobaini na tano kila siku. Maji yanapomiminwa hewani yanachukua oksijeni. Mama Thynne mwenyewe alikuja kuandika kwamba bila shaka kazi hiyo ilichosha, lakini binti yule alipenda kumfurahisha na tena aliiona kama mchezo. Hapo niliacha kusoma nikacheka peke yangu. Nani kati yetu aliyelelewa na dada wa kazi hajawahi kusikia sentensi ya namna hiyo? Anapenda mwenyewe. Hachoki huyu. Jina la mama limo kwenye vitabu vya sayansi, la binti silioni. Lakini mikono yake ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ambayo leo inafanywa na pampu yangu ya hewa, na wale matumbawe waliishi, tena wakazaana, mbali kabisa na bahari. Baadaye mama huyo akaongeza mimea ya baharini, na nadhani mikono ya binti ilipata nafuu.

Miaka michache baadaye, ndani ya London hiyohiyo, mkemia Robert Warington, aliyefanya kazi kwenye ukumbi wa chama cha wauza dawa, aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye chombo cha maji pamoja na mmea wa majini. Alijua kwamba mmea hutoa oksijeni anayoihitaji samaki. Mambo yakaenda vizuri mpaka majani yalipoanza kuoza na kufanya utelezi, maji yakachafuka. Unajua alifanya nini? Hakufua kitu. Alitia konokono, wakala uozo wote. Mwaka 1850 akatoa taarifa yake kwa wakemia wenzake: samaki, mmea na konokono wanaweza kuishi pamoja, kila mmoja akitumia kile ambacho mwenzake anakitupa.

Baada ya hapo Uingereza ikapata wazimu wa samaki. Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilishuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholipa neno akwariamu umaarufu linaobeba hadi leo. Kila sebule ya watu wenye nafasi ikawa na tangi, na matangi mengi yakawa makaburi, kama langu.

Kwa sababu Warington alikuwa amepatia nusu tu. Oksijeni, sawa. Uozo unaoonekana kwa macho, sawa. Lakini samaki anatoa pia amonia, kupitia mashavu yake na kinyesi chake, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Amonia haina rangi. Maji yanaweza kung'aa kama chozi na yakawa sumu. Hicho ndicho kilichowaua wangu, na hakuna mtu wa miaka ya 1850 ambaye angeweza kuniambia.

Jibu lilikuja mwaka 1877, na halikutoka kwa wafuga samaki. Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walijaza mchanga na chokaa kwenye bomba la kioo, wakawa wanapitisha maji taka taratibu kutoka juu. Ukiliangalia bomba lile unaona ndugu yake chupa yangu. Kwa takriban siku ishirini hakukutokea kitu, amonia iliingia na kutoka kama ilivyo. Halafu ghafla ikaanza kutoka imegeuka nitrati, ambayo ina madhara madogo zaidi. Walipopitisha mvuke wa kloroformu, kazi ikasimama. Mchanga ulikuwa uleule na chokaa ileile, kwa hiyo kilichokuwa kikifanya kazi lazima kilikuwa hai. Walipoondoa mvuke na kutia maji yaliyopita kwenye udongo wa kawaida, kazi ikarudi.

Soma tena hizo siku ishirini. Mimi nilitia samaki siku ya kwanza na wakaponea chupuchupu, halafu utelezi ulipokomaa nikaufua kwa sabuni.

Aliyeidaka habari ya Wafaransa hao kule Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ni Robert Warington. Si yule. Yule alifariki mwaka 1867. Huyu ni mwanawe, jina moja na baba. Kwa miaka mingi alihangaika na udongo na vichupa vyake akaonyesha kwamba kazi ina hatua mbili: vijidudu vya kwanza vinageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha vingine vinageuza nitriti kuwa nitrati. Alijaribu kuvitenga akashindwa, na sifa ikaenda kwa Mrusi Sergei Winogradsky mnamo 1890. Lakini sijui kama kuna familia nyingine ya aina hii. Baba alitengeneza tangi linaloishi bila kujua kwa nini linaishi. Mtoto akapata sababu akiwa anatafuta mbolea ya ngano.

Hata hivyo wafugaji walichelewa kuunganisha mambo hayo. Chujio la chini ya kokoto lilienea Marekani miaka ya 1950. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwashangaza watu kwa tangi la bahari lenye mawe hai na mapovu ya hewa tu. Na sayansi yenyewe haijatulia. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kijidudu kimoja kinachofanya hatua zote mbili peke yake, na kundi mojawapo lilikipata kwenye chujio la ufugaji wa samaki.

Sisi tuna sababu yetu ya kulijali sponji. Baada ya sangara kupandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za furu zilitoweka. Chache zimeendelea kuishi kwa miaka mingi ndani ya matangi Ulaya na Marekani, zikilindwa na utelezi uleule nilioupeleka kwenye karai la kufulia.

Chujio langu la pili lina siku kumi na moja leo. Sponji ni mpya, na ikichafuka nitaikamua ndani ya maji ya tangi lenyewe, si ya bomba lenye klorini. Samaki hamna. Kuna konokono wawili na chembe ya chakula ninayotupia kila asubuhi ili ioze. Jana mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akachungulia.

"Mwanangu, humo unafuga nini?"

"Shikamoo mama. Nafuga utelezi."

Akaitikia marahaba, akaenda zake bila kuuliza zaidi.