Uchovu usioisha baada ya ugonjwa wa virusi: mazoezi tiba husaidia wapi?

Homa imeondoka, lakini ukishika jembe dakika 10 unaishiwa nguvu. Msikilizaji wa Unyambwa, huo si uvivu. Magonjwa ya virusi kama UVIKO-19 na chikungunya huweza kuacha uchovu na maumivu kwa wiki au miezi. Chikungunya yenyewe ilitambuliwa mara ya kwanza hapa nchini, uwanda wa Makonde, mwaka 1952. Jina lake la Kimakonde linahusu kujikunja kwa maumivu ya viungo.

Kwanza nenda kituo cha afya ukapimwe. Malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu na kisukari pia huchosha, na vyote vina matibabu.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, hukufundisha kupumua vizuri, kunyoosha viungo na kugawa nguvu: palilia kidogo, pumzika kabla hujachoka, kisha endelea. Kazi ya leo ikikulaza kesho au keshokutwa, punguza. Usijilazimishe kuongeza mazoezi kila siku ukidhani ndiyo dawa.

Kukandwa kwaweza kutuliza misuli inayouma, ila hakuondoi uchovu wenyewe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe: huenda damu imeganda ndani. Wahi hospitali, vilevile ukibanwa kifua au ukikosa pumzi.

Nawe unayeishi na mgonjwa, usimseme. Mchotee maji, apumzike.