Namua, Nyumba na Mtaji: Historia Iliyohifadhiwa katika Istilahi za Bao

Bao la Kiswahili, omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda vina umbo moja: safu nne za mashimo manane, kete 64, na wachezaji wawili, kila mmoja akimiliki safu mbili. Mfanano huo wadokeza ujirani wa kale. Tofauti zake, hata hivyo, zimo katika istilahi.

Katika omweso na igisoro, kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Katika bao, kila mchezaji hupanga kete 10 tu; 22 zilizosalia huziingiza moja moja, hatua iitwayo namua. Zikiisha, huanza mtaji, neno litumikalo pia kwa rasilimali ya mfanyabiashara. Kete sita za mwanzo hukaa katika shimo liitwalo nyumba. Mchezaji akila, na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani, ana hiari: kulala, au kusafiri kwa kuitawanya nyumba ili ale zaidi. Anayemalizwa kete za safu ya mbele ameshindwa.

Maneno haya hayathibitishi asili ya mchezo. Yanaonyesha jinsi wachezaji walivyoufikiri: kumiliki, kulinda na kuthubutu.

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Rwanda ilikirasimisha mwaka 2017. Mwanafunzi wa huko aujuaye ubao wa kwao tayari ana nusu ya somo. Mitaala na kamusi zimpe nusu ya pili, kwa maana istilahi hizi zikipotea, kanuni zenyewe zitapotea nazo.