Mwiba Uliodharauliwa

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Walinena juu ya mwiba wa njiani, lakini maneno yao yanaihusu vilevile historia ya kitu kidogo mno, chenye mwili uliozungukwa na miiba, ambacho kwa muda mrefu wanadamu hawakukihesabu kuwa adui. Kitu hicho ni kirusi cha korona. Insha hii yaeleza jinsi wataalamu walivyogundua, hatua kwa hatua, namna kirusi hicho kinavyoishika seli ya mwanadamu na kuingia ndani yake, na jinsi maarifa yaliyokusanywa na wachache yalivyokuja kuwa ngao ya wengi.

Kirusi hakili, hakinywi wala hakipumui. Ni mfano wa waraka wa maagizo uliotiwa katika bahasha ya mafuta, na waraka wa korona una herufi zipatazo 30,000. Udogo wake ni wa ajabu: virusi 10,000 vikipangwa katika mstari mmoja, urefu wao ni kama milimita moja tu. Hakiwezi kuzaana mpaka kipate kuingia katika seli iliyo hai, na kila seli imezungushiwa utando kama boma lililozungushiwa ua. Basi swali kubwa lilikuwa hili: mgeni huyu hupita mlango gani?

Historia yaanzia kwa kuku. Mwaka 1931, katika jimbo la North Dakota huko Marekani, wataalamu wawili, Schalk na Hawn, walieleza ugonjwa mpya uliowaua vifaranga kwa kuwabana pumzi. Habari hiyo iliwahusu wafugaji, na watu wengine hawakuishughulikia. Zaidi ya miaka 30 ikapita. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, palikuwa na kituo kilichofunguliwa mwaka 1946 ili kuchunguza mafua, ugonjwa ambao mtu hupenga kamasi juma moja kisha akausahau. Mwaka 1965 David Tyrrell na Mark Bynoe wa kituo hicho walitangaza kwamba wamekuza kirusi cha mafua kisichofanana na vile vilivyojulikana. Huko Chicago, Dorothy Hamre na John Procknow wakapata kingine kutoka kwa wanafunzi wa udaktari.

Tyrrell alimpelekea June Almeida sampuli zake. Mama huyu, binti wa dereva wa basi wa Glasgow, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, maana jamaa yake hawakuwa na uwezo wa kumlipia masomo ya juu. Lakini katika kazi ya hadubini ya elektroni alikuwa na wenzake wachache. Alipotazama aliona duara lililozungukwa na miiba yenye vichwa vya mviringo, mfano wa taji. Akakumbuka kwamba aliwahi kuona umbo hilo katika virusi vya kuku na vya panya, na kwamba wahakiki wa jarida waliikataa makala yake, wakidai kuwa ni picha mbaya za virusi vya influenza. Mwaka 1968 wataalamu wanane waliwapa ndugu hao wote jina la korona, neno la Kilatini lenye maana ya taji.

Kazi ya taji hilo ilijulikana polepole. Mwaka 1991 Kathryn Holmes na wenzake waliutambua mlango wa korona ya panya, na mwaka 1992 ukatambuliwa mlango wa korona ile ya Chicago. Pote pawili mlango ulikuwa protini ya mwili wenyewe, iliyosimama juu ya utando wa seli kwa kazi nyingine kabisa. Protini ya namna hiyo huitwa kipokezi. Kirusi hakitoboi ua. Hushika kitasa ambacho seli imekiweka nje kwa haja zake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Novemba 2002 ugonjwa mkali wa mapafu, uliokuja kuitwa SARS, ulizuka katika jimbo la Guangdong, Uchina. Hata ulipozuiwa Julai 2003, ulikuwa umewashika watu zaidi ya 8,000 na kuwaua 774. Ulimwengu ukatambua kwamba ndugu wa mafua aweza kuua. Huko Boston, Wenhui Li, Michael Farzan na wenzao walifanya kama wavuvi. Walikitwaa kichwa cha mwiba wakakifanya chambo, wakakitia kati ya protini za seli za figo ya tumbili, wakangoja waone ni samaki gani atakayenasa. Aliyenasa ni ACE2, kimeng'enya kinachosaidia kutawala shinikizo la damu, nacho kimo katika mapafu, moyo, figo na matumbo ya mwanadamu.

Mwaka 2012 ndugu mwingine, MERS, alitokea Saudia kwa njia ya ngamia. Habari hii haiko mbali nasi, maana ngamia wengi wa kaskazini mwa Kenya wamepimwa damu wakaonekana kuwa wamewahi kuambukizwa. Wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Jason McLellan na Barney Graham, wakataka kuutumia mwiba wa kirusi hicho katika chanjo. Taabu yao ilikuwa kwamba mwiba hubadili umbo upesi. Mwaka 2017 walionyesha kwamba ukibadili asidi amino mbili tu, mwiba hutulia katika umbo lake la kwanza.

Basi UVIKO-19 ilipozuka Wuhan mwishoni mwa 2019, haikuwakuta wataalamu mikono mitupu. Waraka wa kirusi ulitangazwa Januari 2020, na baada ya majuma machache wataalamu wa Wuhan walionyesha kwamba mlango wake ni ACE2 ileile. Machi, Markus Hoffmann, Stefan Pöhlmann na wenzao wa Göttingen, Ujerumani, wakakitaja kimeng'enya cha pili kinachoshiriki, TMPRSS2. Sasa kuingia kwake kwaweza kuelezwa hivi.

Mwiba una kichwa na shina, nao umefanywa kwa protini tatu zilizoungana. Sehemu za kichwa hulala na kuinuka. Moja ikiinuka na kukutana na ACE2, hushikamana nayo. Ndipo TMPRSS2, iliyo juu ya seli hiyohiyo, hulikata shina kama mkasi. Shina hufyatuka, ncha yake ikauchoma utando wa seli, kisha hujikunja na kuivuta bahasha ya kirusi mpaka iguse utando na kuungana nao, kama matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi. Tundu hufunguka, waraka huingia, na seli huutii kana kwamba ni amri yake yenyewe. Pasipo TMPRSS2 iko njia ya pili: seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko, na humo kimeng'enya kingine, kikisaidiwa na asidi, hufanya kazi ya mkasi.

Tofauti ya njia hizi mbili iligusa maisha ya watu. Mapema mwaka 2020 klorokwini, dawa ambayo wazazi wetu waliijua kwa malaria, ilionekana kukizuia kirusi katika seli za figo ya tumbili maabarani. Habari zikaenea, watu wakaitafuta madukani. Lakini seli zile hazina TMPRSS2 ya kutosha. Kirusi hulazimika kupita njia ya kifuko, na klorokwini hupunguza asidi ya kifuko. Seli za mapafu yetu zina njia ya kwanza. Juni 2020 majaribio makubwa ya Uingereza yalionyesha kwamba hidroksiklorokwini, ndugu ya dawa hiyo, haikupunguza vifo vya wagonjwa hospitalini. Na Julai watu wa Göttingen wakaonyesha kwamba klorokwini haikizuii kirusi katika seli za mapafu. Dirisha lilifungwa, mlango ukaachwa wazi.

Ngao ya kweli ilitoka katika mwiba wenyewe. Mabadiliko yale mawili ya mwaka 2017 yalitiwa katika chanjo kadhaa, na moja yao ikaidhinishwa Uingereza Desemba 2020, kabla ya kutimia mwaka tangu waraka utangazwe. Chanjo iliyofika Kenya Machi 2021 haikuwa na mabadiliko hayo, lakini nayo iliufundisha mwili kuutambua mwiba huohuo. Kirusi nacho hakikulala. Mwishoni mwa 2021 ilitokea namna iitwayo Omicron, yenye mabadiliko zaidi ya 30 katika mwiba, ikaponyoka sehemu ya kinga. Hata hivyo, mlango wake ulibaki ACE2.

Mwanafunzi na ajiulize: ingekuwaje kama kuku wa Dakota wasingechunguzwa, au kama Almeida angekata tamaa makala yake ilipokataliwa? Hakuna hata mmoja kati ya watu hao wa kwanza aliyejua kwamba anafanya kazi kwa ajili ya mwaka 2020. Kila mmoja alikitazama kwa makini kidogo kilichokuwa mbele yake, akakiandika kwa uaminifu, akamwachia ajaye nyuma. Chanjo ilipohitajika kwa haraka, ilipatikana kwa sababu kazi ile ya taratibu ilikuwa imekwisha kufanywa.