DACA ya Marekani: nani anaweza kuiomba?

DACA ni mpango uliotangazwa na Rais Barack Obama tarehe 15 Juni 2012. Mtu aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto, na hana makaratasi, hafukuzwi kwa miaka 2 na anapewa ruhusa ya kazi. Kisha anaomba tena. Si kibali cha kukaa daima.

Masharti makubwa: kuingia kabla ya kutimiza miaka 16, kukaa kule tangu 15 Juni 2007, na masomo.

Tangu Julai 2021, kwa amri ya tribinali ya Texas, maombi mapya hayakubaliwi. Walio nayo tu ndio wanaiongeza muda.

Basi ndugu, mtu akikuomba franga hapa Goma ao Bukavu ju ya DACA ya mtoto wako, anakudanganya: haiombwi toka inje. Na mtoto aliyepokelewa kule kama mkimbizi haihitaji.